Pesa ya Mwani ni ya Nani? Historia ya Mama Zetu wa Pwani ya Mashariki



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunajua jambo moja ambalo halionekani kwenye picha: kila nguo ina mtu aliyeilipia. Watu hudhani ni baba, au ni bwana harusi kwa mahari aliyotoa. Lakini kwa wateja wetu wengi wanaotoka Paje, Jambiani, Bwejuu, Uroa na Matemwe, aliyelipa kitambaa, shanga na pesa ya fundi ni mama, na pesa yake imetoka baharini. Ni pesa ya mwani.

Leo tunataka tuzungumze historia ya pesa hiyo. Sababu yake ni swali ambalo mabiharusi wanatuuliza sana tukiwa tunawapima: nikiolewa niendelee na kazi yangu au niache? Na pesa nitakayopata itakuwa yangu, ya mume, au ya nyumba? Wengi wanadhani hili ni swali la wasichana wa siku hizi, wa simu na maduka ya mtandaoni. Si kweli. Mama zetu wa shamba waliulizwa swali hilo zaidi ya miaka 30 iliyopita, wakiwa wamesimama ndani ya maji ya magoti, na majibu yao yapo mpaka leo.

Kabla ya mwani

Tusije tukadhani kwamba mwanamke wa Unguja alikuwa amekaa tu mpaka mwani ulipokuja. Alikuwa na kazi siku zote. Shida ilikuwa ni malipo ya kazi yenyewe.

Upande wa mashariki wa Unguja ardhi yake ni ya mawe. Mikarafuu haistawi huko. Mikarafuu iko zaidi Pemba na upande wa magharibi na kaskazini wa Unguja, kwenye udongo mzito. Watu wa maweni walilima kwenye vifuko vya udongo katikati ya mawe: muhogo, mtama, kunde, choroko. Wanaume walivua kwa ngalawa na mashua. Wanawake walilima, na maji yakipwa walishuka pwani. Huko waliokota chaza na kombe, walichokoa pweza kwenye matundu ya mawe, na walitanda dagaa kwa nguo.

Kazi iliyowapa senti zao wenyewe ilikuwa makumbi. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye mchanga wa pwani, yakawekewa mawe ili maji yasiyachukue, yakaachwa miezi mingi mpaka yalainike. Kisha yalifukuliwa, yakapondwa kwa mti, yakaoshwa, yakakaushwa, na nyuzi zake zikasokotwa kamba. Nyumba ngapi za makuti zimefungwa kwa kamba hizo, na vyombo vingapi vimetwekwa! Wengine walisuka ukili wakapata mikeka, misala na vikapu. Kazi ya mwezi mzima ilimpa mtu pesa ya khanga moja, wakati mwengine haifiki.

Mwani wenyewe nao haukuwa mgeni kwetu. Mwani wa pori ulikuwepo, na kuna miaka ambayo uliokotwa ufukweni ukauzwa kwa wafanyabiashara waliousafirisha nje. Lakini huwezi kutegemea kitu unachookota. Leo kipo, kesho hakipo.

Katika miaka ya 1980 mambo mawili yalikuja pamoja. Bei ya karafuu ilianguka kwenye soko la dunia, kwa sababu Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe ya kuitosha. Na kuanzia mwaka 1984 na 1985 biashara ilifunguliwa Zanzibar. Maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa vitambaa, vyombo, redio, mafuta na sukari. Basi fikirini hali ya mama wa kijijini wakati huo: vitu vimekuja dukani, lakini pesa ya kuvinunulia haipo.

Mwani ulivyofika

Kilimo cha mwani kilianza na mtu wa elimu. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mtaalamu wa mimea ya baharini. Katika miaka ya 1970 na 1980 alitafiti mwani wa pwani yetu, akahimiza ulimwe badala ya kungojwa uote wenyewe. Ufilipino walikuwa tayari wanaulima kwa wingi, na mbegu ya biashara ililetwa kutoka huko. Mwaka 1989 kilimo cha kuuza kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kisha kikaenea vijiji vyengine na kuvuka mpaka Pemba.

Zililetwa aina mbili. Moja ni mwani mwembamba, unaoitwa spinosamu. Ya pili ni mwani mnene, unaoitwa kotonii. Zote mbili hutoa utomvu mzito uitwao karajinani. Utomvu huo ndio unaofanya dawa ya meno isimwagike kama maji, na malai ikae pamoja isiachane. Upo ndani ya mafuta ya kujipaka, vyakula vya kopo na dawa. Kwa maneno mengine, kitu tunachokinunua dukani kwa bei ya juu huenda kilianzia kwenye kamba ya mama mmoja wa Jambiani.

Kazi yenyewe wengi wa mjini hawaijui, kwa hiyo tuieleze. Mkulima anapigilia vigingi kwenye mchanga kwa safu, pale ambapo maji yakipwa hubaki kidogo. Kati ya kigingi na kigingi anafunga kamba. Kwenye kamba anafungia vipande vya mbegu, kimoja kimoja, kwa vijikamba vidogo vinavyoitwa tai-tai. Kazi hii hufanywa siku za bamvua, maji yanapopwa sana na pwani kubaki wazi kwa saa kadhaa. Maji mafu yakifika, mtu anakaa nyumbani anafunga mbegu kwenye kamba nyengine au anashughulika na mwani uliokauka. Baada ya wiki sita hivi mwani huwa tayari. Huvunwa, hubebwa mbichi na maji yake, huanikwa juani siku kadhaa, hutiwa guniani, hupimwa. Uzito mkubwa unaoubeba kichwani kutoka baharini unakuwa mdogo sana ukifika kwenye mizani, kwa sababu maji yote yamekwenda na jua.

Kwa nini wanawake

Mwanzoni wanaume nao waliingia. Wengi wao wakatoka. Bei ilikuwa ndogo, na mwanamme alikuwa na uvuvi, na baadae hoteli na kazi za utalii. Wanawake walibaki. Kwa miaka mingi sasa wakulima wa mwani Zanzibar wamekuwa zaidi ya 20,000, na katika kila kumi, takriban wanane ni wanawake.

Tukikaa tukafikiri, tunaona sababu tatu za wanawake kubaki.

Ya kwanza ni mahali. Pwani ya maji kupwa ilikuwa ya wanawake tangu zamani, kwa chaza, kwa pweza, kwa makumbi. Hawakuhitaji kumuomba mtu shamba wala kuonyesha hati. Mwanamke ambaye hakurithi hata mnazi mmoja aliweza kupigilia vigingi vyake na kusema, hapa ndipo pangu.

Ya pili ni wakati. Bahari ina ratiba yake. Mtu anajua wiki hii atashuka asubuhi, wiki ile hatashuka. Kazi ya nyumba, watoto, shamba la muhogo na wazee wanaohitaji kutazamwa vilipangwa kufuata maji.

Ya tatu ni mtaji. Kampuni za kununua mwani zilitoa kamba, tai-tai na mbegu, na mkulima hakulipa kitu mkononi. Hii ilikuwa rahisi kwa asiye na kitu. Lakini ilikuwa na sharti lake: aliyekupa kamba ndiye utakayemuuzia. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo lililowagharimu mama zetu zaidi kuliko jua na chumvi.

Haikuwa kazi iliyopokewa na wote kwa furaha. Wapo waume waliokataa. Wapo wazee waliosema si heshima mke wa mtu kushinda baharini na kushughulika na wanunuzi. Wanawake hawakujibu kwa maneno mengi. Walishuka kwa vikundi, mtu na dada yake, mtu na wifi yake, mtu na mama mkwe wake. Walivaa nguo ndefu na kujitanda vizuri, na anayewaona kwa mbali anaona khanga za rangi juu ya maji. Pesa zilipoanza kuingia nyumbani, maneno yalipungua yenyewe.

Pesa ilifanya nini

Waliokwenda vijijini kutafiti katika miaka ya 1990, na sisi tulioyaona kwa mama na shangazi zetu, tunasimulia mambo yale yale. Pesa za mwanzo zilinunua nguo na vyombo. Kisha sare za skuli na madaftari. Kisha saruji na mabati. Nyumba nyingi za pwani ya mashariki zilizotoka kwenye makuti zikaingia kwenye bati, zina mkono wa mwanamke ndani yake.

Kuna waliocheka, wakasema wanawake wanamaliza pesa kwenye makabati na masufuria. Sisi tunawaelewa wale kina mama. Kabati la vyombo si pambo tu. Kwa mwanamke wa kwetu, vitanda, vyombo, dhahabu na khanga ndizo mali zinazojulikana na kila mtu kuwa ni zake. Likitokea la kutokea, talaka au kifo, hakuna atakayebishana naye. Alikuwa anaweka akiba mahali ambapo haitaguswa.

Walicheza upatu pia. Kila siku ya kuuza, kila mmoja anatoa fungu lake, na mmoja anapokea lote. Baadae vikaja vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye kisanduku cha kufuli na daftari la hisa. Hapa tunawakumbusha dada zetu: angalieni kikundi chenu kinavyopata faida ya mikopo, na muulizeni mwenye elimu. Riba haiwi halali kwa sababu ni ya wanawake au ni ndogo. Kuna vikundi vinavyofanya biashara ya pamoja na kugawana faida, na baraka yake inaonekana.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi hadharani. Pesa ya mke ilipoingia, baadhi ya waume walianza kurudi nyuma. Leo hatoi pesa ya mchele, kesho hatoi ya mafuta, keshokutwa anasema, wewe si una mwani wako? Mwanamke akajikuta amebeba magunia mawili: la mwani na la nyumba nzima. Alianza kazi ili apate chake, akaishia kulipa cha mwengine. Hapo pesa imeongezeka, lakini nguvu ya mwanamke haikuongezeka hata kidogo.

Haki ilikuwepo, kilichokosekana ni mali

Siku hizi tunasikia sana kwamba wanawake wa vijijini wamepewa uwezo wa kiuchumi na mradi huu au ule. Tunashukuru kila mwenye kheri. Lakini tuseme wazi: haki ya mwanamke wa Kiislamu kumiliki mali yake haikuletwa na mradi wala haikuletwa na mwani.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 4, waume wameamrishwa kuwapa wake zao mahari yao kwa moyo mkunjufu, na mke ndiye mwenye mahari hayo. Aya ya 7 imempa mwanamke fungu lake katika urithi, liwe dogo au kubwa. Aya ya 32 imebainisha kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Na nafaka ya nyumba, yaani chakula, mavazi na makazi, ni wajibu wa mume hata kama mke ana mali kumzidi.

Tunayo mifano. Bibi Khadija, Allah amuwie radhi, alikuwa tajiri wa misafara kabla ya kuolewa na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, na alitumia mali yake kwa hiari yake kuisaidia dini. Bibi Zaynab bint Jahsh alikuwa fundi wa mikono. Alidibaghi ngozi, akashona, akauza, na alichopata alikitoa sadaka. Sisi wa sindano na uzi tunampenda kwa hilo. Na Zaynab mwengine, mke wa Abdullah bin Mas'ud, alikwenda kuuliza kama sadaka yake inafaa kumpa mumewe aliyekuwa hana kitu. Jibu lilikuwa kwamba ana ujira mara mbili, ujira wa kuunga jamaa na ujira wa sadaka.

Tulitazame vizuri jibu lile. Mke anapoitia pesa yake kwenye nyumba, kwa dini yetu ni wema na ni sadaka. Haijaitwa deni. Haijaitwa wajibu. Mume anayepokea anapaswa kuipokea kama anayepewa, kwa shukrani, na mke anayetoa anatoa kwa radhi yake.

Kwa hiyo bibi yetu aliyesuka ukili alikuwa na haki zote hizi kwenye kitabu. Alichokosa ni kitu cha kukitumia haki hiyo juu yake. Haki ya kumiliki mali haimshibishi mtu asiye na mali. Mwani ulileta mali, na ndipo kila nyumba ikalazimika kujibu kwa vitendo kile ambacho dini ilishasema. Nyumba zenye kumcha Mungu zilijibu vizuri. Nyengine zilishindwa mtihani.

Bei ya mtu mwengine, bahari yenye joto

Sasa turudi kwenye lile sharti la kampuni. Kama aliyekupa kamba ndiye mnunuzi wako wa pekee, yeye ndiye anayepanga bei. Kwa miaka mingi kilo moja ya spinosamu mkavu ilikuwa shilingi mia chache tu. Bei ya kitambaa ilipanda, nauli ya daladala ikapanda, bei ya mwani ikatambaa. Wanunuzi nao wana jibu lao: bei inatoka ng'ambo, na Ufilipino na Indonesia wanatoa mwani mwingi mno kuliko sisi. Lakini mama wa Paje hana mtu wa kumuuliza huko ng'ambo. Anachoona ni mizani na gunia.

Kotonii ulikuwa afadhali, kwa sababu bei yake ilikuwa takriban mara mbili ya spinosamu. Lakini kotonii ni mwani mwenye maringo, hautaki maji ya moto. Kuanzia miaka ya 2000 ulianza kufa kwenye maeneo mengi ya Unguja. Maji ya kina kifupi yalizidi joto, mwani ukageuka mweupe, ukaoza na kukatika kwenye kamba. Sehemu nyingi za pwani ya mashariki kotonii ulitoweka kabisa, na wakulima wakabaki na spinosamu wa bei ndogo. Hata huo nao kuna misimu unakufa.

Dawa ya hilo inajulikana: kwenda kwenye maji marefu zaidi, ambako ni baridi. Lakini maji marefu yanataka chombo, yanataka kujua kuogelea, na wanawake wengi wa kwetu hawakufundishwa kuogelea. Kazi ambayo wanawake waliipata kwa kuwa ni ya kutembea kwa miguu, bahari ilianza kuihamisha mahali ambapo hawafiki.

Na mwili una hesabu yake. Macho yanauma kwa mng'aro wa jua juu ya maji. Mgongo unauma kwa kuinama na kubeba. Ngozi inakatwa na chumvi, miguu inachomwa na miba ya bahari. Pale Paje, ufukwe ule ule unagombaniwa na hoteli, na watalii wanaoteleza juu ya maji kwa matanga ya upepo hupita juu ya mashamba. Wanawake wengine waliacha. Tusiwalaumu. Mtu anahesabu saa zake na maumivu yake, akaona bora auze vitumbua.

Kutoka gunia mpaka sabuni

Waliobaki wakajiuliza: kama kilo ya mwani mkavu ni mia chache, kwa nini tuuze mkavu tu?

Hapa tunamtaja Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo hapa Zanzibar, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Amefanya kazi na wakulima wa mwani kwa miaka mingi, na kuanzia mwaka 2006 aliongoza mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali ili mwani uongezwe thamani hapa hapa. Wanawake walifundishwa kukausha mwani juu ya chanja badala ya mchangani, kuusaga unga, na kuuchanganya na mafuta ya nazi kutengeneza sabuni. Walitia mafuta ya karafuu, mdalasini na mchaichai. Wanawake wa Kidoti, kaskazini ya Unguja, ni miongoni mwa waliotangulia kwenye sabuni, na Paje nako kukawa na kazi ya sabuni na mafuta ya kujipaka inayouzwa kwa watalii na mjini.

Tuangalie tofauti yake kwa jicho la biashara. Anayeuza gunia anauza kwa bei aliyopangiwa. Anayeuza kipande cha sabuni anapanga bei yake. Anajua ametumia mwani kiasi gani, mafuta kiasi gani, karatasi ya kufungia kiasi gani, siku ngapi za kazi. Sisi mafundi tunaijua hesabu hii vizuri. Mtu akikuletea kitambaa chake na kukulipa ushoni tu, umepata riziki ya siku. Ukinunua kitambaa wewe, ukashona gauni na kulitundika dukani, hatari ni yako na faida ni yako.

Hatusemi kwamba sabuni imemaliza shida. Soko lake ni dogo, mwezi ambao watalii hawapo linapungua, na wakulima wengi sana bado wanauza magunia. Serikali nayo, katika mipango yake ya uchumi wa buluu, ilitangaza kujenga kiwanda cha kusarifu mwani Chamanangwe, Pemba. Tunaomba kiwe cha kheri kwa wanaoinama majini na si kwa wenye ofisi peke yao. Kipimo ni rahisi: tuangalie kilo moja inanunuliwa kwa bei gani kwa mkulima.

Kwenu mabiharusi

Tumesema yote haya kwa sababu ya lile swali tunaloulizwa kila siku. Kutokana na historia ya mama zetu, tunayo maneno manne ya kuwapa.

La kwanza, zungumzeni kabla ya akdi. Somo wako atakufundisha mengi, lakini hili litake mwenyewe au mtume walii wako. Kama unafanya kazi, mwambie mchumba wako ni kazi gani, unatoka saa ngapi na unarudi saa ngapi. Mambo ya ruhusa na mashrti yana hukumu zake, muulizeni kadhi au sheikh mnayemwamini. Jambo likizungumzwa kwenye posa ni rahisi. Likizungumzwa siku ya ugomvi ni zito.

La pili, jueni tofauti ya nafaka na ihsani. Ukiisaidia nyumba, jinuie sadaka na usimsimange mumeo mbele ya watu. Lakini usikubali sadaka yako igeuzwe kuwa wajibu wako, ukamzoesha mwanamme kusahau wajibu wake. Ukinyamaza mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi utachelewa kusema.

La tatu, iwekeni mali yenu kwa kumbukumbu. Mama zetu waliweka kwenye kabati na dhahabu kwa sababu hawakuwa na njia nyengine. Nyinyi mna daftari, mna benki zenye huduma za Kiislamu, mna simu. Ukinunua kiwanja kwa pesa yako, jina lako liwepo. Mkijenga pamoja, andikeni nani ametoa nini. Kuandikiana si kutokuaminiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Na pesa ikifikia nisabu na ikapitiwa na mwaka, toeni zaka yake. Mwenye mali ndiye mwenye zaka.

La nne, msibaki kwenye gunia. Ukiwa na ujuzi, uwe wa hina, wa mapishi, wa charahani au wa mwani, jitahidi ufike pale ambapo bei unaipanga wewe. Mama zetu walifanya kazi kwa bidii isiyo na mfano, na bado mtu mwengine alishika mizani. Bidii peke yake haitoshi. Jifunzeni hesabu ya kazi yenu, jifunzeni kuungana, na mkinunua sabuni au mafuta ya kuogea biharusi, ulizeni kwanza kama ipo ya mwani iliyotengenezwa hapa. Siku saba za kujifukiza na kusinga zinatumia sabuni na mafuta mengi. Pesa hiyo inaweza kwenda Kidoti na Paje badala ya kwenda mbali.

Na yule biharusi ambaye mama yake analima mwani, tuna ombi moja kwake. Ukivaa shela yako, ukapambwa, ukakaa kwenye kiti watu wakakutazama, ujue thamani ya ile pesa. Kila shanga ina kamba yake, na kila kamba ina asubuhi yake ya kuinama majini. Mshike mkono mama yako ulio mgumu kwa chumvi, mbusu, umuombee dua. Hakukupa nguo peke yake. Amekuonyesha kwamba mwanamke anaweza kuwa mke mwema, mama mwema na mja mwema wa Mungu wake, huku akiwa na senti zake mwenyewe kwenye pindo la khanga.

Allah awape mama zetu afya na umri wa kheri, aibariki bahari yetu, na azifanye ndoa zenu ziwe na mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.